Fundi wa vinyago Mwenge na Mnara wa Akina Mama wa Käthe Kollwitz: nyota nne

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya msasa, nitaeleza. Ila kama unatafuta mtu wa kukuchongea kitu ambacho sio twiga wala tembo wala zile sura za Wamasai za watalii, nenda Mwenge vinyago, Dar, na uingie ndani kabisa, usiishie maduka ya mbele ambako utaitwa "my friend" hata kama umezaliwa Temeke. Huko nyuma ndo wamekaa mafundi wenyewe, chini, na tezo zao na magogo.

Kazi niliyopeleka haikuwa ya kawaida. Nilitaka kinyago cha mpingo kinachofuata sanamu ya mama mmoja wa Kijerumani, Käthe Kollwitz, aliyoifanya 1937 na 1938, inaitwa Mnara wa Akina Mama. Ya kwake ni ya bronzi na ni ndogo tu, haifiki hata sentimita 30. Wamama wamesimama wamebanana kwa duara, watoto wamewekwa katikati, na aliyeko mbele ametanua mikono kabisa kama kusema hapa hapiti mtu. Watu wengi wanamjua Kollwitz kwa ile ya mama amempakata mwanae aliyekufa, ambayo kopi yake kubwa iko Berlin tangu 1993, hiyo ni nzito kwa sebule yangu, mi nilitaka hii.

Fundi ni mzee wa Kimakonde, jina silitaji maana sijamwomba ruhusa. Nikampa shikamoo, nikamwonyesha picha niliyoprinti, akaigeuza geuza karatasi kana kwamba upande wa pili atauona mgongo wa sanamu, akasema "hii si ndo ujamaa hii?" Yani ule mtindo wa Kimakonde wa gogo moja watu tele wamebebana mpaka juu. Halafu akaiangalia tena akajirekebisha: "Hapana mwanangu. Kwenye ujamaa watu wanapanda. Hawa hawapandi, hawa wamezuia." Nikajua nimefika kwa mtu sahihi. Akauliza, wanamzuia nani?

Sasa hapo ikabidi nikae kwenye kigoda nimsimulie, na yeye anaendelea na kazi ya mtu mwingine.

Huyu mama alizaliwa 1867 Königsberg, mji ambao leo uko Urusi na unaitwa Kaliningrad. Baba yake alikuwa mjenzi wa nyumba na ndo aliyemsukuma asome kuchora. 1891 akaolewa na daktari, Karl Kollwitz, wakahamia Berlin mtaa wa wafanyakazi, mume anatibu maskini, na mke anawaona hao wamama wanaoingia wamechoka na watoto wao, anawachora. Alianza na picha za kuchapa sio sanamu. 1898 zile picha zake za uasi wa wafumaji nguo zikapendekezwa kupewa medali ya dhahabu, Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani akakataa. Ndio, huyohuyo Kaisari ambaye bendera yake ilikuwa inapepea hapa Dar. Na hili huwa linanifikirisha, kwamba kuanzia 1902 mpaka 1908 Kollwitz alikuwa anatengeneza picha saba za vita vya wakulima wa Ujerumani wa zamani waliochoka kunyonywa, na katikati ya miaka hiyohiyo huku kwetu wakulima wanapigwa na Wajerumani kwenye Maji Maji.

Uchongaji alijifunza Paris 1904, ameshakuwa mtu mzima ana watoto wawili.

Fundi alikuwa anaitikia tu "mm, mm" mpaka nilipofika 1914. Vita ya Kwanza ya Dunia imeanza, kijana wake mdogo, Peter, miaka 18, anataka kwenda jeshini, umri hautoshi mpaka baba akubali, baba hataki. Mama ndo akamwombea kijana kwa baba yake. Baba akakubali. Oktoba mwaka huohuo Peter akauawa Ubelgiji.

Tezo ikasimama. "Baba alimsamehe huyo mama?"

Nikamwonyesha kwenye simu sanamu ya Wazazi Wanaoomboleza. Hiyo Kollwitz alihangaika nayo karibu miaka 18. Kwanza alitaka Peter alale amenyooka, baba upande wa kichwa, mama miguuni, akaiacha, akarudi baadae akamtoa kijana kabisa wakabaki wazazi peke yao, na nyuso zinafanana na yeye na mumewe. Ilikamilika 1932, sasa iko makaburi ya Vladslo Ubelgiji ambako Peter mwenyewe kazikwa. Wamepiga magoti kila mmoja kwenye jiwe lake. Baba amejikumbatia yuko wima, mama ameinama. Hawagusani wala hawatazamani. Fundi akaitazama muda, akanirudishia simu, akasema "Mh."

Ukipita pale Posta kwenye sanamu la Askari, lile la 1927 anakimbia na singe, kumbuka ni vita hiyohiyo. Tofauti ya hizo mbili mi inanitosha, sina cha kuongeza.

Mengine nilipita haraka. 1919 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia akademia ya sanaa ya Prussia, 1933 Wanazi wakamlazimisha atoke, baadae wakambania asionyeshe kazi. Kwa hiyo huo mnara wa 1938 umetengenezwa na mama aliyewahi kumwachia mtoto akaenda, nchi inajiandaa tena kwa vita nyingine, na safari hii wamama wake hawaachii. Ndo jibu la swali la fundi. 1942 mjukuu, nae jina Peter, akafa vitani Urusi. 1943 nyumba ikapigwa bomu. Yeye akafa Aprili 1945, wiki chache tu kabla vita haijaisha Ulaya.

Haya, huduma. Mpingo ni mpingo kweli, sio mti mweupe uliopakwa kiwi ambao wengine wanauza, kipande alichokata alikitupa kwenye ndoo ya maji kikazama mbele yangu. Bei ni laki mbili na ushee baada ya kuvutana, kwa kinyago cha kimo cha mkono mpaka kwenye kiwiko naona ni haki kabisa. Muda sasa, "wiki ijayo" ya fundi ni ya fundi, usimwahidi mtu zawadi ya harusi. Ila kuna sababu. Kollwitz alikuwa anafinyanga kwanza kisha ndo inamiminwa bronzi, akikosea anabandika udongo anaendelea. Mpingo ukishaondoa umeondoa, na ukiuharakisha unapasuka.

Uzuri wenyewe uko nyuma. Picha zote nilizoleta zilikuwa za mbele, fundi akasema basi huko atajua mwenyewe, na kaweka bibi mwenye ndonya mdomoni, mtoto kafungwa mgongoni kwa mbeleko, amesimama na wale wazungu kama wamezaliwa nyumba moja. Sikumwagiza. Kuna wageni wangu wanaokigeuza hicho kinyago upande huo kikae hivyo, na mi siwarudishii. Mikono ya yule wa mbele pia ameipatia, mipana, mizito, mikono ya kazi.

Msasa. Niliomba wazi kabisa alama za tezo zibaki, kwa sababu sanamu za Kollwitz hazijalainishwa, unaona zilivyofinywa. Mzee akakubali. Kijana wake wa kumalizia akapiga msasa mpaka nyuso zinang'aa kama kioo, nilipolalamika akasema wateja wanapenda hivyo. Wateja wepi, mi si ndo mteja? Wale wamama mbele wanaonekana kama wametoka saluni. Walinipunguzia kidogo, sawa, lakini uso uliofutika haurudi.

Nimeshaulizia na ya wale wazazi wawili. Mzee kakataa kuwatoa kwenye gogo moja, anataka magogo mawili mbalimbali, na bei ya vinyago viwili. Hapo kwenye bei bado tunabishana.