Genge la matunda na korosho Mikindani, naipa nyota 4

Kama una mgeni mwenye masharti ya chakula usihangaike na mahoteli, mpeleke pale kwenye genge la matunda Mikindani upande wa baharini, yule mama anajua anachouza mpaka basi. Mimi nilimpeleka mgeni wetu wa kazini, Myahudi anayeshika dini yake kisawasawa, vya kupikwa jikoni kwetu hali kwasababu ya masharti ya kosher, yaani sheria za chakula za dini yao, ila matunda mazima anakula vizuri tu.

Sasa hawa wenzetu hawatii kitu mdomoni bila kumshukuru Mungu kwanza, na sio kama sisi Bismillah moja inatosha kwa sahani yoyote, wao dua inafuata chakula kimetokana na nini. Tunda la mti lina yake, mazao ya ardhini yana yake, divai ina yake, mkate nao una yake na lazima unawe mikono kwanza kwa utaratibu, halafu maji, samaki, nyama na mayai vinaingia kwenye dua ya jumla. Kwahiyo mgeni lazima aulize, na wauzaji wengi ukiwauliza sana wananuna.

Huyu mama wala. Kwenye ndizi ndo alinimaliza, mgeni kauliza mgomba ni mti au vipi, mama kamjibu hapo hapo kwamba mgomba ukishazaa mkungu mmoja unaukata, umekwisha, linakuja chipukizi pembeni. Jamaa akafurahi kweli maana marabi wao wanashika hoja hiyo hiyo, ndizi inasomewa dua ya mazao ya ardhini sawa na nanasi. Dafu nalo lina mambo yake, maji dua ya jumla, nyama yake dua ya mti. Hata embe, ukilila ni la mti, ukilisaga juisi linahamia kwenye ile ya jumla!

Tuliletewa sinia la tende, korosho nzima nzima nyeupe na ndizi. Akaanza na tende kwasababu imo kwenye yale mazao 7 ya nchi yao yaliyotajwa kwenye Torati, hiyo inatangulia, akaisomea na dua ikabeba korosho humo humo, ndizi akaisomea peke yake. Kati ya dua na kutafuna haruhusiwi kuongea, mama alikuwa anamrudishia chenji akaona midomo inacheza, akatulia na noti zake mkononi mpaka jamaa alipouma ndo akasema "karibu sana baba". Hakuna aliyemwambia. Heshima kama hiyo ndo inanifanya niandike.

Nyota moja nimeikata kwasababu bei hazijabandikwa na mabenchi ni machache, mchana jua lote lenu. Nendeni asubuhi, korosho ombeni zile za kubanguliwa siku hiyo.