Filamu za kimya kwa spidi yake, hawa wanajua kazi

Jamani huu ukumbi nendeni. Kumbi kibao za sinema zinachukua filamu ya kimya iliyopigwa kwa spidi ndogo zinairusha kwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, spidi iliyokuja na filamu za sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, basi watu wanatembea kama wamefukuzwa na nyuki na huzuni yote inageuka kichekesho. Hapa projekta yao ya mkanda wa milimita 35 mota yake inarekebishika, wametuonyesha kwa fremu 18 na shata, kile kizibo kinachozunguka na kukatakata mwanga wa projekta, ina mapanga matatu, kwa hiyo kila picha inamulikwa mara tatu, yaani mara 54 kwa sekunde, macho hayaumi kabisa. Kuna mama anakunja barua, unaona kabisa vidole vinasita kwenye karatasi, kwa 24 hiyo ingepita tu. Kwenye kukimbizana fundi akaongeza spidi kidogo, safi sana, maana enzi zile kamera nyingi zilizungushwa kwa mkono na spidi haikuwa moja.

Kilichonikera ni filamu ya pili, hiyo ilikuwa ya dijitali na fremu zimerudiwarudiwa ili zifike 24, mtu akitembea anakwamakwama. Bora waweke mkanda hata kama umechakaa. Nyota 4.