Kipima Muda cha Jikoni kwa Mtu Mwenye Tabia ya Kuahirisha

Nilikinunua katika Soko Kuu la Tabora kwa shilingi 7,000, kikiwa kimepangwa katikati ya miiko na mabakuli, na muuzaji akaniuliza iwapo ninaoka keki. Shida yangu ilikuwa mitihani 160 ya Kidato cha Pili, iliyokuwa juu ya kabati bila kusahihishwa tangu shule ilipofungwa. Kifaa chenyewe ni cha plastiki, chenye umbo la nyanya, hakitumii betri wala umeme. Unazungusha sehemu ya juu hadi dakika uzitakazo, nacho huhesabu kwa mlio wa tik-tik mpaka kengele ilie.

Umbo hilo lina historia. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Mwitaliano Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alitumia nyanya kama hii kujilazimisha kusoma, na utaratibu aliouunda unaitwa pomodoro, yaani nyanya kwa Kiitaliano: dakika 25 za kazi moja tu, kisha dakika 5 za kupumzika, na baada ya mizunguko minne mapumziko marefu zaidi.

Nakiri kwamba kilikaa siku tisa ndani ya boksi lake bila kuguswa. Siku ya kumi nilikizungusha, na hapo ndipo nilipoelewa kinavyofanya kazi: mitihani 160 inatisha, lakini dakika 25 hazimtishi mtu, na karaha niliyokuwa nikiikwepa iliisha nilipomaliza karatasi ya pili. Kwa mzunguko mmoja nasahihisha karatasi saba za insha. Simu nayo ina kengele, tena sahihi zaidi, ila mimi nikiishika kwa ajili ya saa huishia kusoma ujumbe wa kikundi cha ukoo.

Kasoro zake si ndogo. Ukikizungusha moja kwa moja hadi 25, hulia baada ya dakika 22 au 23. Dawa yake ni kukivuta kwanza hadi 60, kisha kukirudisha nyuma. Kengele ni dhaifu, na mvua ikipiga juu ya bati huisikii kabisa. Ule mlio wa tik-tik ulinikera kwa siku kadhaa. Aidha, hakifai kwa kazi ya kutunga maswali, kwa sababu hukukatiza pale mawazo yanapoanza kuja.

Kwa kusahihisha, kujaza fomu, kufua, na barua unayoiogopa, ningekinunua tena kwa bei hiyohiyo. Na kwa kweli nitakinunua, maana mke wangu amekichukua kwa ajili ya maharage, na mafungu mawili ya mitihani bado yako juu ya kabati.