Habu ya feni na taa: kifaa kizuri, adapta ya kuunguza nyumba

Ndani ya boksi la habu hii, kisanduku cha kugawa umeme kwa feni na taa za kompyuta, kuna kebo fupi ya adapta: upande mmoja plagi ya Molex, ile ya zamani ya pini nne nene, upande wa pili kichwa cha SATA, kile bapa cha kupelekea diski umeme. Kebo hiyo imeyeyuka ndani ya kasha la kompyuta yangu. Pini za waya mwekundu zimeshikana na za waya mweusi, plastiki imevimba na kuwa nyeusi, na ganda la waya limeliwa karibu sentimita mbili. Kompyuta haikuzima. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba pawa saplai iliendelea kusukuma umeme hadi pale taa zilipoanza kufifia.

Kwa nini mtu anunue habu kabisa? Mazabodi (bodi kuu) ya Mini-ITX, yaani ya kompyuta ndogo, ni milimita 170 kwa 170, na soketi za feni mara nyingi ni mbili au tatu tu. Soketi moja kwa kawaida hubeba ampea 1, yaani wati 12. Feni ya milimita 120 hula ampea 0.1 hadi 0.3, na inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya hapo. Feni sita za ampea 0.2 kwenye waya wa kugawa tayari ni ampea 1.2, umeshavuka. Na kwa joto la Dar, kasha dogo lenye kadi ya grafiki kubwa haliendi kwa feni mbili. Habu inatatua hilo: umeme inauchukua moja kwa moja kwenye pawa saplai, na kwenye mazabodi inachukua ishara ya spidi tu.

Kwa kazi hiyo, habu yenyewe sina neno nayo. Feni zote zinapanda na kushuka pamoja, hazilii, na soketi zake zinabana vizuri. Ningekuwa nimeandika sifa tupu hapa kama wasingeokoa senti kwenye kebo.

Nieleze ubovu ulipo, maana wengi wataambiwa ni bahati mbaya. Kichwa cha SATA kina pini 15, na kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya inayofuata ni milimita 1.27 tu. Pini ya 7 hadi ya 9 ni volti 5 (waya mwekundu), zinazofuata ni za kurudishia umeme (waya mweusi), na ya 13 hadi ya 15 ni volti 12. Adapta za bei rahisi hutengenezwa kwa kupanga nyaya kisha kumiminia plastiki ya moto juu yake. Plastiki ikimiminwa inaweza kusogeza waya, na hakuna anayeona kwa sababu kila kitu kimefukiwa humo ndani. Inafanya kazi vizuri mwanzoni. Kisha joto la kasha linailegeza plastiki kidogo kidogo, chuma kinakaribia chuma, na siku moja zinagusana.

Kinga ya pawa saplai usiitegemee hapo. Pawa saplai ya wati 600 hutoa hadi ampea 50 kwenye volti 12, na nyingi za SFX, zile ndogo za makasha madogo, hutoa ampea 15 hadi 20 kwenye volti 5. Ikiona shoti kamili inakata. Lakini shoti ya nusunusu inayopita kwenye plastiki iliyoungua ikila ampea nane au kumi, yenyewe inaona ni matumizi ya kawaida. Waya mwembamba wa adapta ndio unaogeuka hita. Hakuna fyuzi popote katikati.

Kuitambua ni rahisi. Geuza kichwa cha SATA utazame mgongo. Ukiona plastiki laini isiyo na mwanya, nyaya zimezama ndani yake, weka chini. Nzuri ina kifuniko kidogo kinachofunguka, na chini yake unaona visu vya chuma vinavyouma waya mmoja mmoja, kila mmoja kwenye njia yake.

Nilipoirudisha kebo iliyoungua dukani, muuzaji hakutaka hata kuishika mkononi. "Kaka, umejaza mataa kama ukumbi wa harusi, sasa unatulaumu sisi?" Nikamwambia tupige hesabu. Feni sita zenye taa 12 kila moja ni taa 72. Mikanda miwili yenye taa 30 kila mmoja ni 60. Jumla 132. Taa moja ya aina hii ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote hula hadi miliampea 60, kwa hiyo zote pamoja ni ampea 7.9 kwenye volti 5. Hapo kweli ni nyingi, kwa sababu kichwa cha SATA kinaruhusu ampea 1.5 kwa pini, na pini za volti 5 ni tatu: jumla 4.5. Lakini mwanga ulikuwa umewekwa asilimia 30, na rangi zinabadilika, si nyeupe tupu. Hata zingekuwa nyeupe zote zisingefika ampea 2.4. Ni karibu nusu ya kile ambacho kichwa hicho kinapaswa kubeba siku nzima bila hata kupata joto. Jibu lake: boksi likishafunguliwa halirudi.

Kisha akafungua droo, akatoa kebo ya SATA ya pawa saplai nyingine kabisa, akaniambia, "Chukua hii, zinaingiliana zote." Haziingiliani! Upande wa SATA mpangilio ni mmoja duniani kote, ila upande unaochomekwa kwenye pawa saplai kila kampuni ina mpangilio wake, na hata kampuni moja hubadilisha kati ya toleo na toleo. Plagi inaingia bila shida, kisha volti 12 inatokea kwenye njia ya volti 5. SSD, yaani diski ya kuhifadhia data, inakufa pale pale, habu inafuata, na taa zote pamoja nayo. Mtu anayeuza vifaa vya kompyuta anamwambia hivyo mteja mwenye mashine ya mamilioni, kwa sauti ya kujiamini. Nilikuwa nimepanga kuipa habu hii nyota nne. Kwa hapo naona hata moja ni nyingi, duka na boksi lake.

Lakini sitaki kuionea habu kwa makosa ya kebo, kwa hiyo anayeitaka aifunge hivi. Tumia kebo ya SATA iliyokuja na pawa saplai yako, chomeka kwenye habu bila adapta katikati. Kama kebo ni ndefu na inakataa kukunjwa, zungushia vichwa vya ziada pembeni ya pawa saplai na uvifunge kwa tai ya plastiki. Waya wa ishara upeleke kwenye soketi ya feni za kasha, usiupeleke kwenye ya prosesa. Ingia BIOS, mipangilio ya mazabodi yenyewe, soketi hiyo uiweke PWM, yaani spidi iongozwe kwa ishara. Ikibaki DC, yaani spidi iongozwe kwa kupandisha na kushusha volti, habu haipati ishara na feni zote zitazunguka kwa spidi ya juu bila kushuka. Feni za pini tatu, zisizo na pini ya ishara, nazo hapa hazitatii, zitakwenda spidi moja tu. Na soketi namba moja ya habu ndiyo pekee inayorudisha hesabu ya mizunguko, kwa hiyo weka hapo feni unayotaka kuichunga.

Taa zina hatari yake. Mkanda wa pini tatu ni volti 5; soketi ya pini nne zilizojaa ni volti 12. Ukilazimisha wa kwanza kwenye ya pili, taa zimekwisha. Kabla ya kuchomeka, pima kwa mita kati ya pini yenye mshale na pini ya mwisho upande wa pili: isome 5. Mkanda mmoja wa taa 30 unaweza kubebwa na mazabodi yenyewe, kwani ni ampea 1.8 na soketi nyingi zinaruhusu 3. Zilizobaki 102 zikae kwenye habu, mwanga usizidi asilimia 40. Hiyo ni karibu ampea 2.5, hata ukiweka nyeupe.

Ile gundi ya pande mbili ya kubandikia habu haina maana. Nyuma ya pawa saplai kuna joto, inaachia, na habu inaangukia kwenye mabawa ya feni. Funga kwa tai.

Kwa hiyo nyota? Nimebadilisha mara kadhaa nikiandika. Habu peke yake, iliyofungwa kwa kebo ya kiwandani, ni nne na ninaendelea kuitumia. Boksi zima kama lilivyouzwa ni moja, na hiyo moja ndiyo ninayoiacha, kwa sababu mnunuzi asiyejua atatumia kile alichokikuta ndani. Kama tayari unayo, zima kompyuta ukutani, fungua kasha utazame mgongo wa kichwa cha SATA. Ikiwa ni plastiki ya kumiminwa, ichomoe, kisha ikate katikati kwa mkasi kabla ya kuitupa, asije fundi mwingine akaiokota na kumfungia mtu.