Pingyao: ukuta mzuri, ila usikose Rishengchang

Jamani nimetoka Pingyao, ule mji wa kale wa mkoa wa Shanxi huko China, na naupa nyota nne na nusu. Wengi wanaufuata kwa sababu ya ukuta, na ukuta kweli upo, wa mwaka 1370 enzi za watawala wa nasaba ya Ming, mzunguko kama kilomita 6 na minara 72, ukiwa kule juu unaona mapaa ya vigae vya kijivu tu mpaka macho yanachoka.

Ila mimi kilichonikamata ni Rishengchang, benki ya hundi ya zamani, nyumba ya ua ndani ya ua pale mtaa wa magharibi, mwanzo wenyewe walikuwa wanauza rangi za nguo na walikuwa na tawi Beijing. Sasa wafanyabiashara wa Shanxi walikuwa wakipata fedha Beijing shida ni kuifikisha kwao, njiani majambazi, mpaka ukodi walinzi wenye silaha, basi wakaanza kuacha fedha kwenye lile tawi, wanapewa karatasi, wakifika Pingyao wanalipwa. Yaani hawala kabisa! Mwaka 1823 wenye duka wakaacha rangi wakashika kazi ya hundi, wakaja kuwa na matawi miji zaidi ya 30. Na hundi zao hazikughushika kirahisi, kila mwezi ulikuwa na herufi yake ya siri (herufi ya Kichina ni kama neno zima), na zile herufi 12 ukizisoma kwa mfululizo zinakuonya ujihadhari na hundi feki, usisahau kukagua mwandiko na muhuri. Nilisimama pale nikarudia kusoma mara tatu, watu walikuwa na akili sana.

Nusu nyota nimekata kwa ajili ya mwongozaji wetu, alitukimbiza humo ndani dakika ishirini tu halafu akatupeleka madukani, ikabidi nirudi kesho yake peke yangu. Bora uende mwenyewe, tiketi moja inakuingiza sehemu nyingi, mitaani kutembea ni bure.

Lala usiku mmoja tafadhali, tena nyumba ya zamani yenye kang, kile kitanda cha matofali kinachopashwa moto kwa chini, maana makundi ya mchana yakiondoka taa nyekundu zinawaka na mtaa unakuwa wako. Asubuhi chukua gari mpaka hekalu la Shuanglin, kilomita 6 hivi nje ya mji, kuna sanamu za udongo zaidi ya 2,000, nyuso zao utadhani wanakusikiliza.