Kigari cha rimoti cha kupanda miamba: ununue kipi ukiwa Uganda?

Kabla sijataja gari lolote, fanya jaribio hili dukani. Inua kigari hewani, kisha vuta kitufe cha mwendo kwenye rimoti kidogo sana. Magurudumu yakianza kuzunguka polepole, endelea kuulizia bei. Yakiruka papo hapo hadi kasi kamili, kirudishe kwenye boksi, hata kama limechorwa milima na maneno makubwa. Magari ya namna hiyo utayakuta Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, na mtoto atayafurahia, lakini yanajua mambo mawili tu: kwenda na kusimama. Kupanda miamba ni mchezo wa kinyonga. Gari lisiloweza kusogea sentimita moja kwa amri yako litabingirika kwenye jiwe la kwanza.

Namba moja kwangu ni Traxxas TRX-4M. Lilitoka mwaka 2022, lina ukubwa wa 1/18 (yaani urefu wake ni sehemu moja ya 18 ya gari halisi), na linakuja na kila kitu: rimoti, betri ya lithiamu na chaja ya USB. Hiyo chaja ndiyo inayonivutia. Umeme ukikatika, pawabenki au sola ndogo ya nyumbani inatosha kuchaji betri. Ukubwa wake pia unafaa huku kwetu: linapita juu ya lundo la mawe ya msingi nje ya nyumba inayojengwa, na nyumba zinazojengwa Kampala hazikosekani. Bei ndiyo kikwazo. Lilipozinduliwa lilikuwa takriban dola 150 kule Marekani, na hapo bado hujalipa usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18 ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda.

Bei hiyo ikikushinda, shuka hadi namba mbili: magari ya Kichina ya MN na WPL. MN82 ni 1/12, na lina sura ya ile Land Cruiser pikapu unayoiona kila siku barabara za Karamoja. WPL C24 ni 1/16, mfano wa Hilux. Bei ya magari haya ni sehemu ndogo tu ya bei ya Traxxas. Giya zake za plastiki husagika ukilazimisha gari lililokwama, kwa hiyo agiza giya za chuma katika mzigo huohuo. Ukizisubiri zivunjike kwanza, gari litalala kabatini mpaka kargo ifike. Kwa mtu anayependa kufungua skrubu, huenda hili likawa chaguo tamu kuliko la kwanza.

Axial SCX24 nimeliweka la tatu, na najua wapenzi wake watanuna. Ni 1/24, linatosha kiganjani, na sebuleni juu ya vitabu na matofali halina mpinzani. Nje ndipo linapoteseka. Jiwe ambalo TRX-4M inalivuka, kwake ni ukuta, na nyasi za baada ya mvua ni msitu.

Magari makubwa ya 1/10, yaani Traxxas TRX-4 na Axial SCX10 III, ndiyo bora kuliko yote hapo juu na ndiyo nisiyomshauri anayeanza. TRX-4 kamili ina giya mbili na difu (giya zinazogawa nguvu kati ya magurudumu ya kushoto na kulia) unazozifunga kwa rimoti ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja. Lakini kwa kawaida huuzwa bila betri wala chaja, na chaja nzuri ya lithiamu si kitu cha kubahatisha.

Ukimwagiza ndugu anayerudi kutoka nje, mwambie betri za akiba azibebe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linaloingia chini ya ndege. Kikomo cha kawaida ni Wh (wati-saa) 100 kwa betri. Hata ile kubwa ya volti 7.4 na mAh 5000 ina Wh 37 tu. Ikifika, usiihifadhi ikiwa imejaa wala imeisha kabisa. Volti 3.8 kwa kila seli ndiyo ya kulalia.

Hela ikibaki, usikimbilie mota ya kasi. Nenda kwa fundi wa matairi, umwombe vile vipande vya risasi vya kubalansi magurudumu, ubandike vichache chini kwenye ekseli ya mbele. Gari litaacha kupinduka kinyumenyume kwenye mwinuko. Risasi ni sumu, kwa hiyo nawa mikono, na mtoto asizichezee.