Nililipia ukaguzi wa mwingiliano wa nyaya Arusha, nikajibiwa kwamba waya ni waya

Nimesita kuandika haya kwa sababu ofisi hii ya Arusha inakagua nyaya ndogo za ndani ya chipu, kazi ambayo ni wachache mno wanaoifanya kwetu, nami ningependa idumu. Lakini tangu nitoke pale, maneno niliyoambiwa hayajanitoka rohoni: "Mama, waya ni waya."

Ninafundisha elektroniki hapa Moshi, na kwa muda mrefu nimekuwa nikisanifu chipu ndogo ya kuhesabu mapigo ya mita ya maji, kwa kutumia teknolojia ya wazi ya nanomita 130 ambayo SkyWater, kiwanda cha chipu cha Marekani, na Google waliifungulia umma mwaka 2020. Mantiki yake niliiandika mwenyewe. Nisichokiamini kilikuwa upitishaji wa nyaya, kwa hiyo masika yalipokuwa yanaanza nikawalipa wataalamu wa ofisi hiyo wakague kama kuna nyaya zinazoambukizana ishara, na zikiwapo wazitenganishe.

Baada ya siku kadhaa nikaletewa ukurasa mmoja uliosema kila kitu ni safi. Nikaufungua mchoro nyumbani. Waya wa kuanzisha upya, ule ambao ukitikiswa vibaya chipu nzima inasahau hesabu yake, ulikuwa umelazwa sambamba na waya wa saa, unaobeba mapigo ya kuendesha chipu, kwa zaidi ya maikromita 400 katika tabaka la pili la metali, na nafasi kati yao ilikuwa maikromita 0.14, ndogo kuliko zote zinazoruhusiwa katika tabaka hilo. Nyaya mbili zikilala hivyo hujifanya kapasita, yaani kihifadhi cha chaji, ambayo hakuna mtu aliyeichora, na kadiri zinavyoandamana kwa urefu, ndivyo kila mruko wa volti ya mmoja unavyomsukuma mwenzake. Nilipoiga saketi kwenye kompyuta, kila mara saa iliposhuka, waya uliopaswa kutulia kwenye volti 1.8 ulizama kwa karibu volti 0.6. Hesabu ilikuwa haijafutika bado, lakini kilichobaki kuilinda kilikuwa kidogo mno.

Nikapanda basi la alfajiri kwenda Arusha. Mhandisi aliyenipokea ananipita umri kidogo tu, au pengine tuko sawa, lakini aliniongelesha kama mtu aliyepotea njia. Bila kuutazama mchoro niliomfungulia, akasema waya ni waya, programu imeshazipitisha, na ripoti ya muda, ile inayopima kama ishara zinafika kwa wakati, haina kosa. Nilimweleza kwa utulivu kwamba ripoti ile huichukulia kapasitansi ya kati ya nyaya kama imefungwa kwenye ardhi (volti sifuri), wakati jirani akiruka kwa mwelekeo wa kinyume athari yake hukaribia kuwa maradufu, na wakiruka pamoja hukaribia kutoweka. Tena waya wangu haukuwa na tatizo la kuchelewa hata kidogo. Ulitakiwa ukae kimya, nao haukukaa. Akanigeuzia kiti na kuanza kuzungumza na mteja mwingine. Nilikuwa nimelipa kwa ajili ya swali hilo hilo.

Kama ningeandika siku ile, ningesema msipeleke kazi yenu pale kamwe.

Ila kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo alinifuata hadi kwenye ngazi, akanipa shikamoo, akaomba aone mchoro. Tuliketi kwenye benchi la nje. Aliupandisha waya wangu hadi tabaka la nne, ambalo nyaya zake hukimbia mwelekeo uleule wa zile za tabaka la pili, akaulaza ubavuni mwa mkanda wa ardhi, ambao volti yake haiyumbi na hivyo ukawa ngao bila kuongeza waya mwingine. Kisha akaweka bafa mbili, saketi ndogo za kuipa ishara nguvu, njiani ili saketi dhaifu inayousukuma waya isibebe urefu wote peke yake. Tulipoiga tena, mzamo ulikuwa chini ya volti 0.1. Sijaona kazi nzuri kama ile kwa miaka mingi, na ilimchukua muda usiozidi mchana mmoja.

Kwa hiyo nilirudi Moshi nikiwa tayari kuisifu huduma. Mwenye ujuzi yupo pale, na anayehitaji kutenganisha nyaya zake atasaidiwa, mradi amwombe mtu sahihi. Hata hivyo kadiri ninavyolifikiria ndivyo hasira inavyorudi, kwa kuwa kazi ambayo mwanafunzi aliimaliza kwenye benchi ndiyo ambayo bosi wake alipokea fedha zangu bila kuigusa, na kijana huyo hakulipwa kitu kwa jasho lake.

Stakabadhi yao bado ninayo. Mstari wa tatu unasema: "Ukaguzi wa mwingiliano wa nyaya: umekamilika." Nimewaandikia mara mbili wakiri kwamba aliyeukamilisha ni yule kijana, na nusu ya malipo yangu apewe yeye. Hawajajibu.